Kibali mfukoni, kipande shingoni

Nilipewa kibali cha kutoka Kakuma kwenda Nairobi kutibiwa jino. Siku ya mwisho nikajifanya mtalii wa miguu.

Nilianzia stesheni. Reli ilifika hapa 1899, na mji ukaota kwenye kambi ya wajenzi wake. Eti kambi! Nikacheka peke yangu.

Nikafuata Moi Avenue, zamani Government Road, nikakata University Way mpaka Harry Thuku Road. Miaka ya 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, karatasi ya utambulisho ndani ya kikopo cha chuma, wakakining'iniza shingoni. Bila hicho, unakamatwa. Thuku alikipinga, akawekwa ndani Machi 1922. Watu walipokuja kituo cha polisi kumdai, wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru aliuawa hapo.

Kipande kilifutwa 1947. Nikahesabu: miaka 25.

Askari akapita. Mkono wangu ukaenda wenyewe mfukoni kugusa kibali. Hakuniuliza kitu, lakini matembezi yaliishia hapo.

Ndugu zangu, mkipata ruhusa, piteni barabara ile. Hii karatasi yetu ina babu yake.