Herufi ya Mwisho
Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Babu aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, mbele, ubavu wa kushoto. "Miezi mitano unaijenga," akasema, "na mlango wa mizigo umeusahau."

SASA ENDELEA...

Nilikaa kimya, maana alikuwa amesema kweli.

Ndege za Super VC10 za East African Airways hazikuwa sawa na zile za BOAC ya Uingereza. Zetu zilikuwa tano tu, ya kwanza ilifika mwaka 1966, na zote zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni, upande wa mbele. Michoro niliyoitumia ilikuwa ya ndege ya Waingereza. Urefu niliupata, mita 52 na ushei. Injini nne za Conway zilikaa mkiani, mbili kila upande. Lakini ndege haikuwa yetu.

Na mlango haubandikwi juu ya ndege iliyokwisha kujengwa. Umbo lote limefumwa kwa maelfu ya pembetatu ndogo. Ukitoboa sehemu moja, jirani zake zinavutika, na jua la simuleta ya kurusha ndege likipiga pale bati linaonekana kama limegongwa nyundo. Usiku ule nilifungua Blender, programu ninayojengea maumbo, nikafuta sehemu yote kuanzia puani hadi kwenye shina la bawa, nikaanza kufuma upya.

Babu hakwenda kulala. Alivuta kiti, akakaa nyuma yangu na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Unajua kwa nini injini waliziweka nyuma?"

"Ili bawa libaki safi, Babu."

"Eeh. Embakasi iko juu, mita elfu moja na mia sita. Hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Ndege nyingine zilikuwa zinaomba njia ndefu. Hii ilikuwa inanyanyuka." Akanyanyua kiganja chake taratibu kutoka kwenye goti. "Ukilikosea bawa, hata uipake dhahabu, itakuwa sanamu."

Mlango ulinichukua siku nne. Siku ya tano nikaingia kwenye rangi, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Kupaka ndege ya simuleta ni kama kumenya chungwa kwa uangalifu, ganda lisikatike, kisha kulilaza ganda lile mezani na kulichora likiwa bapa. Ukimaliza unalirudisha kwenye chungwa, na mistari yote ikutane. Ganda langu lilikuwa picha ya pikseli 4096 kwa 4096. Mstari ukipinda pikseli tatu pale mezani, kwenye ndege abiria anauona umekatika chini ya dirisha.

Nilianza na weupe wa juu. Nikaweka nyeupe kamili, 255 kwa nyekundu, kijani na bluu. Ndege ikawaka kama taa ya mtaani. Mistari ya bati na vichwa vya ripiti vikamezwa vyote. Nikashusha hadi 232. Babu akatikisa kichwa.

"Hiyo ni nyeupe ya friji. Yetu ilipigwa na jua la nchi tatu." Akaingia chumbani kwake, akarudi na kifremu cha kadibodi chenye slaidi katikati, upande mmoja kimezibwa kwa kipande cha plasta ya zamani. "Hii ni 5H-MMT, pale Embakasi. Weupe wake uchukue hapa."

Ilikuwa Kodachrome, filamu isiyopoteza rangi ikihifadhiwa gizani. Niliilaza juu ya mwanga mweupe, nikaipiga kwa kamera yenye lenzi ya karibu, nikaifungua kwenye kompyuta. Moyo ulinidunda. Rangi zilikuwa mbichi, kana kwamba imepigwa jana.

Nikapaka kutoka pale. Nikapaka hata uchafu, nao Babu akausahihisha.

"Umeufanya utiririke kwenda chini kama wa daladala. Ndege uchafu wake unakimbilia nyuma, upepo ndio unaouchora. Anzia kwenye kiungo cha bati, vuta kwenda mkiani, malizia kwa kufifia."

Nilivuta brashi kama alivyosema. Michirizi miwili tu, nyuma ya kifuniko kimoja chini ya tumbo, na kwa mara ya kwanza ndege yangu ikawa imewahi kuruka.

Zikabaki herufi za usajili. Hizo hazitaki kukisia; unene wake, nafasi kati yake, vyote vinapimwa. Nikaiweka slaidi nyuma kama pazia, nikaisogeza kamera ya Blender hadi ndege yangu ikailalia ile ya pichani, dirisha kwa dirisha. Kisha nikavuta karibu kuelekea mkiani.

Pichani hapakuwa na 5H. Palikuwa na 5X.

5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Shirika lilikuwa moja la nchi tatu, na ndege ziligawanywa usajili. Zilizobeba 5X kati ya zile tano zilikuwa mbili: 5X-UVA na 5X-UVJ. Nikasoma 5X-UV, na ya mwisho ikanikwama. Mwanamke aliyesimama juu ya ngazi za abiria alikuwa akipunga kitambaa cheupe, na kitambaa kile kilikuwa kimeziba nusu ya juu ya herufi.

Siku tatu nilipigana na kitambaa. Nilimwona yule mama kama kizuizi tu, kitu kilichosimama mbele ya kazi yangu. Siku ya tatu usiku nikapaka J kwenye ndege yangu na kuilinganisha na picha. Chini ya J kuna ndoano. Pichani hapakuwa na ndoano. Nikaifuta, nikapaka A.

Miguu miwili ya A ikaketi juu ya miguu miwili ya pichani, pasipo hata pikseli moja ya kuzidi.

5X-UVA. Kila anayeijenga VC10 anaijua. Tarehe 18 Aprili 1972, ikitoka Nairobi kwenda London, rubani alikatisha kuruka pale Addis Ababa. Ndege ikapitiliza njia, ikawaka moto. Walikuwemo watu 107. Waliokufa ni 43.

Nikabandua plasta kwenye kifremu. Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa Babu: 18/4/72.

Ndipo nikamtazama yule mama. Nilimfahamu. Picha yake iko sebuleni, juu ya redio: Bibi mzaa mama, ambaye tumeambiwa miaka yote kwamba alikufa kwa homa. Mkono mmoja unapunga. Mkono wa pili umempakata mtoto wa kike wa mwaka mmoja hivi.

Mama yangu anaitwa Doto. Mwaka 1972 alikuwa Tabora, kwa mama yake Babu. Hilo kila mtu nyumbani analijua. Na pacha wake, Kulwa, tuliambiwa hakuishi hata siku moja.

"Babu." Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Huyu mtoto ni nani?"

Kikombe kiliwekwa sakafuni. Nilisikia pumzi yake karibu na bega langu, kisha kidole chake kikapita mbele yangu na kukigusa kioo, juu ya kichwa cha mtoto, taratibu kama mtu anayepima joto.

"Wanasema waliokufa ni 43," akasema. "Mke wangu nilimzika. Huyu hakuwamo kwenye hesabu hiyo."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kifremu cha pili.

"Na hii ililetwa na posta, mwaka 1979."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO