Unataka Kuwa Daktari wa Mochari? Hii Hapa Safari Yote, Kutoka Form Four Hadi Kortini

Wacha tuanze na hii. Juni 2025, polisi walisema Albert Ojwang, mwalimu na bloga aliyekufa akiwa mikononi mwao Nairobi, alijigonga kichwa kwa ukuta wa seli. Wasee mtandaoni walikataa hiyo stori, lakini hasira ya mtandao si ushahidi. Mambo yaligeuka siku daktari alipoongea. Dkt Bernard Midia, aliyeongoza timu ya wanapatholojia, alieleza kuwa mtu akijigonga ukutani, damu huvilia upande wa mbele wa kichwa. Kwa huu mwili ilikuwa imevilia usoni, pembeni na kisogoni. Shingo ilikuwa imebanwa, na kulikuwa na majeraha sehemu zingine za mwili. Stori ya ukuta ikaanguka.

Hiyo ndiyo kazi ya mwanapatholojia wa forensiki: kutafuta mtu amekufa kwa nini, hasa kifo kikiwa cha ghafla, cha kutatanisha ama cha mkono wa mtu. Ukifikiria kuingia hiyo laini, rada ni hii.

Kwanza, kusota na vitabu

Hapa Kenya unaanza na digrii ya udaktari, MBChB, kama miaka 6. Halafu mwaka mmoja wa kazi hospitalini ukisimamiwa, ndio baraza la madaktari, KMPDC, likupe usajili kamili. Baadaye unarudi chuo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Nairobi, kusomea uzamili wa patholojia, miaka mingine kama 4. Hapo ni magonjwa, damu, tishu chini ya hadubini, na upasuaji wa maiti. Forensiki yenyewe ni ngazi ya juu ya hapo. Ukimaliza, mabeste wako wa form four washapeleka watoto shule.

Marekani pia si mteremko: miaka 4 ya chuo, 4 ya udaktari, 3 au 4 ya patholojia, kisha mwaka mmoja ndani ya ofisi ya uchunguzi wa vifo, halafu mtihani wa bodi. Moja ya ofisi zinazojulikana sana ni ile ya jiji la New York, iliyoanza 1918. Iliundwa ili uchunguzi wa vifo uongozwe na daktari aliyesomea, si mtu wa kuchaguliwa kisiasa.

Kisu husubiri

Unadhani siku ya kwanza utapewa kisu? Zii. Kwanza unajifunza kuangalia. Nguo, kucha, ngozi, macho, kila kovu, kila alama, na picha zinapigwa kabla chochote hakijaoshwa. Mfano: moyo ukisimama, damu hushuka pole pole hadi upande wa chini wa mwili na ngozi hapo hubadilika rangi. Ukiambiwa msee amepatikana akilala kifudifudi, lakini hiyo rangi iko mgongoni, kuna mtu alimgeuza. Maiti haijiviringishi.

Baadaye ndio mwili hufunguliwa, viungo vinapimwa uzito, na vipande vidogo pamoja na damu vinaenda maabara. Chama cha wanapatholojia hawa Marekani hushauri daktari mmoja asipite miili 250 kwa mwaka. Ukichoka, unakosea, na mtu anaweza kufungwa bure ama kuachiliwa bure.

Chanzo si namna

Hapa ndio wanafunzi wengi hujikwaa. Chanzo cha kifo ni kile kilichoua, kwa mfano risasi ya kifua. Namna ya kifo ni vile ilitokea, na kwa mfumo wa Marekani ziko 5: maradhi, ajali, kujiua, mauaji, ama haikuweza kujulikana. Hiyo ya mwisho si aibu. Daktari mzuri anajua kusema "mwili haukunionyesha". Na zile series ambapo mtu anagusa maiti na kusema "alikufa saa tatu na robo"? Hiyo ni TV. Kwa ground unapata makadirio tu.

Mwisho wa yote ni korti. Wakili atakuuliza neno kwa neno, na ukiongeza chumvi kidogo tu, kesi yote inaingia maji.

Moyo nao?

Shakahola, Kilifi, 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt Johansen Oduor, aliongoza upasuaji. Wengi walikufa njaa, lakini baadhi, wakiwemo watoto, walionyesha dalili za kunyongwa ama kukoseshwa hewa. Bila hao madaktari, tungebaki kuamini wote walifunga tu hadi wakafa. Familia zilingoja DNA hadi Machi 2024 ndio miili ya kwanza ikaanza kutolewa. Hakuna darasa linakufunza kabisa kuangalia mzazi anayengoja hivyo.

Pengo letu

Kenya ilipitisha sheria ya kuunda huduma huru ya uchunguzi wa vifo mwaka wa 2017. Miaka ikapita na huduma yenyewe haijaanza, kwa hivyo uchunguzi wa vifo vya kutatanisha umebaki kuanzia kwa polisi, hata pale polisi wenyewe ndio wanashukiwa. Ndiyo maana familia nyingi hutuma daktari wao asimame kwa meza wakati wa upasuaji. Likiwahi kupata watu wako, itisheni hilo kabla ya mazishi. Kufukua ni shughuli nyingine, na mwili hausubiri.

Kwa hivyo kama Bayolojia na Kemia zinakubamba na mochari haikutishi, jua hii kazi inakungoja. Marehemu hawezi kukubishia wala kukushukuru. Lakini mara nyingi wewe ndiye shahidi wa mwisho aliyebaki naye.