Habari za Mbayuwayu na Vibuyu

Mtu wa Singida achongaye mzinga na kuutundika mtini, kisha akawangoja nyuki, ajua ya kuwa kiumbe wa porini huitwa kwa kuandaliwa nyumba. Wachoctaw na Wachickasaw wa Marekani walijua vivyo hivyo. Waliwatundikia vibuyu vitupu mbayuwayu wakaao katika mashimo ya miti. Alexander Wilson aliandika habari hizo mwanzoni mwa karne ya 19. Wageni kutoka Ulaya wakaiga, wakaongeza visanduku vya mbao. Leo, mashariki mwa nchi ile, karibu ndege hao wote wameyaacha mashimo ya miti, huzaa katika makao waliyotengenezewa na watu. Basi tuwafundishe wanafunzi wetu neno hili: amzoezaye kiumbe nyumba amejitwika kumtunza; kibuyu kikiondolewa, atarudi wapi?