Rafu za Sheria: Kutoka Mtaa wa Lumumba Hadi Milima ya Usambara

Mnazi iko nyikani, upande wa kaskazini wa Wilaya ya Lushoto, kuelekea bonde la Mto Umba na mpaka wa Kenya. Ukisimama huko ukatazama kusini, milima ya Usambara imesimama mbele yako kama ukuta. Shauri la mtu wa huku, likiwa la ng'ombe walioingia shambani au la mirathi, huanzia mahakama ya mwanzo. Asiporidhika, rufaa yake hupanda mlima hadi Mahakama ya Wilaya mjini Lushoto. Ikibidi kuendelea, hushuka upande wa pili hadi Mahakama Kuu, Tanga.

Kwa miongo mingi shauri hilo lilipoanza, hapakuwa na wakili. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ilikataza mawakili kuingia mahakama ya mwanzo, na katazo hilo lililegezwa tu kwa marekebisho ya mwaka 2021. Mlalamikaji alisimama mwenyewe, mlalamikiwa naye alisimama mwenyewe, na mbele yao alikaa hakimu pamoja na wazee wa baraza. Mahakama za juu zina mawakili wa pande mbili wanaomletea jaji kesi rejea na vifungu. Hakimu wa mwanzo hakuletewa chochote. Asipoitafuta sheria yeye, hakuna wa kumtafutia.

Ndiyo maana naamini kwamba ukitaka kujua uzito wa maktaba ya chuo cha sheria, huna budi kuanzia chini kabisa, mahali kama Mnazi, kisha upande juu kuuliza: huyu hakimu alifundishwa wapi kuitafuta sheria, na aliyemfundisha aliipata wapi?

Zamani, katika milima hii, sheria ilikaa vichwani mwa watu. Ilikaa Vugha, makao makuu ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, ambako mfalme wao, Simba Mwene, alisikiliza mashauri makubwa, ya damu na ya ardhi. Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpima mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Hukumu mbaya ilihesabiwa miongoni mwa mambo yanayoiharibu nchi. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ufalme uliingia vitani, na wazee waliokufa au kukimbia waliondoka na hukumu walizozikumbuka. Tunachokijua kwa maandishi ya wenyeji tunakipata zaidi kwa Abdallah bin Hemedi, karani aliyeishi kwenye nyumba za watawala hao na baadaye akawa Liwali wa Tanga. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa na wamisionari wa UMCA huko Magila. Mwanafunzi wa sheria asiyekifungua kitabu hicho kwa sababu eti ni cha historia, anajinyima.

Tanga hiyohiyo ilimtoa Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, kadhi aliyeandika kwa Kiswahili vitabu vya mirathi na ndoa kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo kabla ya chuo chochote cha sheria kuwapo nchini, mkoa huu ulikwisha kuwa na vitabu vya sheria kwa lugha ya watu wake. Jambo hilo halitajwi vya kutosha.

Wakoloni walileta maandishi ya aina nyingine. Waingereza waliunda mahakama za wenyeji, na katika mahakama hizo kumbukumbu ziliandikwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, kwanza katika bonde la Mlalo, kisha Usambara yote. Watu walilazimishwa kuchimba matuta, na waliokataa walipelekwa barazani wakatozwa faini. Upinzani ulikuwa mkali hadi mpango ukaachwa mwaka 1957. Mwanahistoria Steven Feierman aliandika juu ya mapambano hayo. Kumbukumbu za namna hiyo zikitunzwa, mtafiti wa leo anaweza kuona sheria ndogo ya kilimo ilivyoshuka kwa mkulima mmoja mmoja. Zikitupwa kwa mchwa, tunabaki na masimulizi.

Sasa tushuke Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na Lord Denning, jaji wa Uingereza, ilitoa taarifa juu ya elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika. Hadi wakati huo Mtanganyika aliyetaka kuwa wakili alivuka bahari kwenda kusoma sheria ya Waingereza. Miezi michache baadaye, Oktoba 1961, Chuo Kikuu Kishiriki kilifunguliwa katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo kimoja tu, Kitivo cha Sheria, na wanafunzi 14. Mkuu wa kitivo alikuwa A. B. Weston. Miongoni mwa wanafunzi wa kitivo hicho miaka ya mwanzo alikuwa Julie Manning, aliyekuja kuwa jaji na Waziri wa Sheria.

Tatizo lao la kwanza lilikuwa vitabu. Sheria ya Uingereza ilikuwa na vitabu vya kila namna, lakini sheria ya Tanganyika haikuwa na kitabu cha kiada. Mwalimu aliyetaka kufundisha ardhi au mahakama za hapa alilazimika kukusanya hukumu, matangazo ya Gazeti la Serikali na taarifa za tume, kisha kuzichapa na kuwagawia wanafunzi. William Twining na Patrick McAuslan walikuwapo tangu mwaka huo wa kwanza, na Yash Ghai akawafuata mwaka 1963. Walikuwa vijana, na kufundisha kwao na kutafiti kwao vilikuwa kazi moja. Palipokosekana kitabu, maktaba haikuweza kungoja kununua. Ilibidi isaidie kitabu kizaliwe.

Chuo kilipohamia eneo la Mlimani, hapohapo Dar es Salaam, mwaka 1964, hali ilianza kubadilika. Sheria ya mwaka 1962 ilikuwa imekwisha kuwataka wachapishaji wapeleke nakala za machapisho yao katika maktaba ya chuo. Mkusanyiko wa Afrika Mashariki ulikua, na ndani yake yamo makaratasi ya Hans Cory, mtafiti wa serikali ya kikoloni aliyezunguka nchi akiandika mila za makabila, wakiwamo Wasambaa na jando lao. Kazi ya Cory ndiyo iliyotangulia tamko la sheria za mila la mwaka 1963, lililoandika kanuni za mirathi na ulezi zitumike mahakamani. Mtu anayelisoma tamko hilo bila kusoma makaratasi ya Cory anaiona kanuni lakini haoni aliulizwa nani, wala ni mzee gani aliyetoa jibu.

Mwaka 1967 Kitivo kilifanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii. Kilianza kutoa muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu, mfululizo ambao wanasheria wanaujua kwa herufi tatu, H.C.D. Wakati huo taarifa za sheria za Afrika Mashariki zilichapisha kesi chache zilizochaguliwa kutoka nchi tatu. Rufaa ya mkulima dhidi ya jirani yake, iliyotoka mahakama ya mwanzo, haikuwa na nafasi kubwa humo. H.C.D. iliziweka kesi hizo kwa mistari michache: mambo yaliyotokea, hoja, uamuzi, na namba ya kutajia. Hadi leo ukisoma hukumu ya ardhi ya mila utakuta imetajwa kesi ya H.C.D. ya mwaka 1967 au 1968. Miaka hiyohiyo Kitivo kilianzisha kamati ya msaada wa sheria, na mwaka 1968 likatoka jarida la Eastern Africa Law Review. Weston, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kuandika juu ya shida ya kuitia sheria katika Kiswahili. Vijana waliopita katika rafu hizo walitoka hata nchi za jirani. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya tangu 2011 hadi 2016, ni mmoja wao.

Mahakimu wa mahakama za mwanzo hawakupita huko. Wao walipelekwa Mzumbe kwa kozi fupi, na wengi walirudi vituoni na daftari la kozi likiwa ndiyo maktaba yao yote. Hali hiyo ilidumu mpaka Bunge lilipotunga sheria ya mwaka 1998 ya kuanzisha Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal ukapata chuo cha mahakama, chenye kozi za astashahada na stashahada ya sheria na mafunzo ya mara kwa mara kwa mahakimu na majaji walioko kazini. Wakuu wake wamekuwa majaji, kama Ferdinand Wambali na Paul Kihwelo, waliofika baadaye Mahakama ya Rufani.

Ngoja nionyeshe kazi yenyewe ilivyo, maana watu wengi hudhani kutafuta sheria ni kufungua kitabu na kusoma. Chukua swali hili: mwanamke amerithi shamba la ukoo, anataka kuliuza, ndugu wanapinga. Mwanafunzi mwenye haraka atakimbilia tamko la mwaka 1963, aione kanuni ya 20 ya sheria za mirathi, inayomruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo lakini inamkataza kuliuza. Atafunga kitabu na kuandika jibu. Atakuwa amekosea mara tatu.

Kosa la kwanza, hakuuliza ni sheria ipi inayowahusu watu hawa. Huku Mnazi na Lushoto Waislamu ni wengi, na mirathi yao yaweza kufuata sheria ya Kiislamu badala ya mila. Hilo ni swali la ushahidi wa maisha ya marehemu, na lina kesi zake. Kosa la pili, hakutazama kama kanuni imeguswa na mahakama. Angeendelea angeikuta kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Ilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe, Kagera, mwaka 1988, kwa shamba lililouzwa shilingi 300,000. Ilifika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo haiwezi kusimama mbele ya Katiba yenye haki za binadamu. Kufikia hapo jaji alisoma Katiba, mikataba ya kimataifa na hukumu za nchi nyingine. Haya ni mambo ambayo hayakai kwenye kitabu kimoja wala kwenye rafu moja. Kosa la tatu, hakufuata yaliyotokea baada ya hapo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ililetewa tena kanuni za mirathi za mila, ikakiri kwamba zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja mkataba.

Hayo yote ni jibu la swali moja la shamba moja. Anayemfundisha mwanafunzi kufuata nyayo hizo, aanze na fahirisi, aende kwenye hukumu, aangalie ilitajwa wapi baadaye, ahakikishe kifungu anachokisoma ni cha toleo gani la urekebu, mara nyingi ni mkutubi. Mhadhiri humweleza sheria inasema nini, na mkutubi humwonyesha ilikotoka na kama ingali hai. Kazi hii ya pili haipewi heshima yake katika vyuo vyetu. Wakutubi wanahesabiwa kama watunza funguo, na somo la utafiti wa kisheria hufundishwa harakaharaka mwaka wa kwanza, kisha husahauliwa.

Madhara yake tuliyaona hadharani. Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria Tanzania yalionyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Sababu zilizotajwa katika mjadala zilikuwa nyingi, na sitaki kuzibebesha maktaba lawama zote. Lakini mtu hawezi kupita shahada nzima ya sheria kwa kutegemea nakala za kurudufu za daftari la mwenzake, kisha akaombwa aandae shauri kama wakili na akaweza.

Vifaa siku hizi si haba. Tovuti ya TanzLII inatoa hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu bure. Mlimani kuna maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018 kwa msaada wa China. Marekebisho ya mwaka 2021 yamefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Toleo la Urekebu la sheria za nchi. Hata hivyo sehemu kubwa ya hukumu zilizotangulia iko kwa Kiingereza, na hakimu wa mwanzo huendesha shauri kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni.

Hapo ndipo ninapoomba jambo moja kwa Mahakama na kwa chuo cha Lushoto. Warudi kwenye kazi ya H.C.D. ya mwaka 1967, safari hii kwa Kiswahili: muhtasari wa hukumu za ndoa, mirathi na madai madogo, uandaliwe na wanafunzi wenyewe wakisimamiwa na wakutubi na majaji, kisha upelekwe kila mahakama ya mwanzo nchini, ukiwa umechapwa na kufungwa vizuri. Wanafunzi watajifunza utafiti kwa kuufanya, na hakimu wa nyikani atakuwa na kitu mezani zaidi ya daftari la kozi. Chuo kiko mlimani pale pale, na barabara ya kushukia Mnazi inapita Mlalo.