Maji Taka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar

Historia ya maji katika Mji Mkongwe wa Zanzibar husimuliwa zaidi kupitia mabomba ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kuufikishia mji maji ya chemchemi za kaskazini. Lakini maji yakiingia hayana budi kutoka, na habari za maji taka, yaani maji yaliyokwisha kutumika chooni, bafuni na jikoni, hazijapewa uzito unaostahili.

Katika nyumba za mawe za karne ya 19, choo kilikuwa chumba chembamba chenye tundu sakafuni, na penye ghorofa tundu hilo lilishuka ndani ya unene wa ukuta hadi kwenye shimo lililochimbwa chini ya nyumba. Utaratibu huo ulitosha maadamu maji yalichotwa kwa ndoo na kutumiwa kwa uangalifu, kwa sababu machache yaliyomwagwa yalipata muda wa kunywea ardhini. Ila ardhi yenyewe ni mwamba wa matumbawe uliojaa matundu, ambao huyapitisha maji bila kuyachuja vya kutosha, na visima vilichimbwa katika mwamba huo huo. Taka nyingine ziliishia ufukweni, au katika hori la Darajani lililoitenga rasi ya Shangani, ulipo Mji Mkongwe, na mitaa ya Ng'ambo iliyo upande wa pili, ambalo bahari ilipojaa lilifunikwa na maji, na ilipokupwa likabaki tope la uvundo. David Livingstone, aliyefika mwaka 1866, aliulalamikia waziwazi uvundo wa mji.

Kipindupindu, ugonjwa unaoenezwa na maji yaliyochafuliwa, kiliupiga mji mwaka 1858 na 1859, kisha kikarejea mwaka 1869 na 1870. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu watu mjini wakati huo, alifuatilia njia ya mlipuko wa pili na kuonyesha kwamba ulishuka kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, ndipo ukavuka bahari. Kitabu chake cha mwaka 1876 kingali miongoni mwa rekodi bora za afya ya pwani hii katika karne ile.

Mabomba ya Barghash yaliwapunguzia watu hatari ya kisima, na kwa hilo anastahili sifa kamili. Hata hivyo, nyumba yenye bomba humwaga maji mengi kuliko nyumba yenye mtungi, na mashimo ya kale hayakujengwa kwa wingi huo. Jawabu la utawala wa Waingereza, ulioanza mwaka 1890, lilikuwa mitaro na mabomba ya chini kwa chini yaliyoelekezwa baharini, huku wakazi wa Ng'ambo, waliokuwa wengi na maskini zaidi, wakiachiwa vyoo vya shimo. Na kufikia katikati ya karne ya 20 hori lenyewe lilikuwa limefukiwa. Uchafu uliondolewa machoni mwa watu, lakini haukusafishwa.

Kusafisha maji taka ni kuchuja takataka ngumu, kuyatuliza maji ili tope lizame, kisha kuwaachia bakteria kazi ya kula uchafu ulioyeyuka, kama inavyofanyika katika mabwawa ya Vingunguti jijini Dar es Salaam. Mabwawa huhitaji eneo kubwa, na rasi ya Mji Mkongwe, iliyobanwa na bahari na majumba, haina eneo hilo. Ndiyo maana bahari ilionekana kuwa njia rahisi. Gharama yake ilijitokeza baadaye: utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba fosfeti, kirutubisho kinachobebwa na maji taka, hupunguza mwani wenye chokaa unaosaidia kujenga na kuunganisha miamba ya matumbawe, nayo ndiyo makazi ya samaki wanaolisha mji.

UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa ajili ya majumba na mitaa yake. Wenye dhamana ya kuuhifadhi wayahesabu mabomba yaliyo chini ya majumba hayo kuwa sehemu ya urithi huo, na kuyatengea fungu katika kila bajeti ya ukarabati, pamoja na mahali pa kuyasafisha maji kabla hayajafika baharini.