Motere ndogo ya kulimia inakataa kuwaka: tafuta ugonjwa mbele ya kununua piese

Mvua za Septemba zikianza, wenye kuwa na motokilteri wanaitosha mu depo. Mutu anavuta kamba mara kumi, mara makumi mbili, na motere inanyamaza. Motokilteri ni ile mashini ndogo ya kulima yenye mutu anatembea nyuma yake akishika mikono yake ya chuma. Mara nyingi ni ya familia kadhaa zenye zilichanga pesa. Ikilala juma moja kwa fundi, shamba zote hizo zinangoja, na mvua hazingoji.

Hasara ingine inafuata: kununua piese bila kupima. Munaambiwa «ni karburateri», munanunua mpya, motere inakataa vilevile. Kiisha munaambiwa «ni bobini». Kumbe ni mafuta ya motere tu yalipunguka. Njo maana tunaonyesha hapa namna ya kutafuta ugonjwa kwa utaratibu, kuanzia ku vitu vya bure mpaka ku vya bei kubwa.

Motere gani?

Motere nyingi za motokilteri ndogo, za pompe ya maji na za grupe ya umeme ni za aina moja: zinatumia esanse na ziko na silinda moja. Yenye kujulikana sana ni Honda GX160, ya sentimetre kibe 163. Ziko zingine nyingi zenye zilitengenezwa China kwa kuifwata. Zingine zimeandikwa 168F. Vipimo vyenye tunatoa hapa ni vya GX160. Motere ya mazutu, kama ile ya mashini kubwa ya kusaga unga, haina buji, kwa hiyo haipimwe kwa njia hii yote.

Ili iwake, motere ya esanse inaomba vitu vine: esanse safi, hewa, moto wa buji, na nguvu ya pistoni kubana hewa. Kimoja kikikosekana, hata uvute kamba mpaka magaribi, haitawaka.

Mbele ya kushika ufunguo

Angalia kama enteripteri iko upande wa kuwasha, kama robine ya esanse imefunguliwa, na kama stateri, kile kiwiko cha kupunguza hewa, kimefungwa wakati motere iko baridi.

Kiisha angalia mafuta ya motere. Weka mashini mahali pa sawasawa. Fungua kifuniko chenye kijiti, pangusa kijiti, kiingize bila kukikaza, tosha na usome. GX160 inabeba karibu litre 0,6, na mafuta yenye kufaa ni SAE 10W-30. Motere nyingi ziko na kifaa ndani chenye kinakata moto wa buji kama mafuta yamepunguka. Hapo hautaona moto, na bobini yako ni nzima kabisa.

Watu wa Masisi, Kalehe na Lubero wafikiri pia juu ya milima. Motere ikiinama kupita digri 20, mafuta yanakimbilia upande moja. Inaweza kuzimika hata kama mafuta ni ya kutosha, na isipozimika inaweza kuungua ndani.

Soma buji

Fungua buji na uiangalie ncha yake.

- Iko kavu: esanse haifiki ndani ya silinda.
- Imeloana esanse: esanse inafika, lakini moto haupo, ao ulivuta kamba sana na stateri imefungwa.
- Iko na masizi meusi makavu: esanse imezidi ao filtre ya hewa imeziba.
- Iko na mafuta mazito meusi: mafuta ya motere yanapanda, segma za pistoni zimechoka.
- Iko na rangi ya kahawia: motere ilikuwa inachoma vizuri.

Kupima moto: rudisha buji mu kofia yake, gusisha chuma chake ku mwili wa motere, mbali na tundu la buji, halafu mutu mwingine avute kamba. Musifanye hivi pahali esanse imemwangika, na musishike buji na mukono mutupu. Moto ukionekana, ni vizuri. Usipoonekana, jaribu kwanza buji ingine. Nafasi ya ncha za buji inapaswa kuwa milimetre 0,7 mpaka 0,8.

Kama moto bado, na mafuta ni ya kutosha, chomoa waya wa kile kifaa cha mafuta, upime tena. Moto ukirudi, kifaa njo kigonjwa. Ukikosa, chomoa pia waya wa enteripteri. Kama bado hakuna moto, sasa unaweza kusema ni bobini. Nyuma ya kupima, rudisha waya zote.

Esanse ya chupa

Esanse nyingi kwetu inauzwa mu chupa barabarani, kwa wale wenye watu wanaita Kadafi. Iweke mu chupa nyeupe na uingoje kidogo. Maji ni mazito kuliko esanse, kwa hiyo yanashuka chini na unaona musitari.

Chini ya karburateri kuna kabulo ka kutosha esanse. Kafungue: esanse ikitoka vizuri, njia kutoka rezervware ni wazi. Isipotoka, fungua kifuniko cha rezervware. Ikianza kutoka, tundu dogo la hewa la kifuniko limeziba; lisafishe tu. Ugonjwa huu njo unafanya motere iwake, itumike kidogo, ifie njiani, kiisha iwake tena nyuma ya kupumuzika.

Esanse yenye ililala miezi mingi inaacha utomvu mu jikleri, lile tundu dogo la ndani ya karburateri. Jikleri inafunguliwa na turnevisi. Izibue na uzi moja mwembamba wa shaba kutoka mu waya wa umeme, halafu pulizia na pompe ya kinga. Musitumie sindano: tundu likipanuka, motere itakunywa esanse kupita kipimo. Mara nyingi kusafisha kunatosha, karburateri mpya haiombwe.

Hewa na kubana

Filtre ya sponji inafuliwa na maji na sabuni, inakauka vizuri, inapakaliwa mafuta kidogo ya motere na kukamuliwa. Filtre ya karatasi haifuliwe. Inagongwa polepole ili vumbi litoke. Kutumika bila filtre ni kusaga silinda na vumbi.

Kubana: vuta kamba polepole. Inapaswa kukuwa nzito pahali fulani. Kama ni nyepesi muda wote, mwanga kijiko kidogo cha mafuta ya motere mu tundu la buji, uvute tena. Ikikuwa nzito, segma zimechoka. Ikibaki nyepesi, ni supape ao jwen ya kichwa. Kwa supape, fundi apime nafasi motere ikiwa baridi: milimetre 0,15 kwa ile ya kuingiza, 0,20 kwa ile ya kutosha moshi. Kupanga nafasi hiyo hakuombi piese yoyote.

Kama majembe ya mashini yaligonga jiwe, jambo la kawaida mu mawe ya volkano ya Nyiragongo, na tangu siku hiyo kamba inarudisha mukono kwa nguvu ao motere inapiga «pwaa» mu karburateri, fundi afungue gurudumu la mbele ya bobini. Kuna kachuma kadogo kenye kanalishikilia pahali pake. Kakikatika, moto unakuja saa isiyo yake.

Kwa usalama

Chomoa kofia ya buji mbele ya kuweka mukono ku majembe. Tia esanse motere ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara. Musiwashe motere ndani ya nyumba ao depo yenye imefungwa: moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya.

Ukifika kwa fundi

Kama umeshindwa, mupelekee fundi majibu, si mashini tu. Mwambie: ilikufa gafla ao polepole? Buji ilikuwa kavu ao imeloana? Moto upo? Kamba ni nzito? Kwa majibu hayo mane, fundi mwema anajua wapi ataanzia. Na mwenye kukuambia ununue karburateri mbele hajafungua hata buji, muombe kwanza akuonyeshe alipima nini.