Nywele za Dada Watano

Tarehe 7 Aprili 1837, mjini Copenhagen, kilitoka kijitabu cha hadithi za watoto cha Hans Christian Andersen. Ndani yake mlikuwa na visa viwili tu, na kimojawapo ni kile cha nguva mdogo, binti wa mfalme wa bahari. (Kwa wavuvi wa mwambao nguva ni mnyama wa kweli, anyonyeshaye mwanawe majini, ambaye siku hizi huonekana kwa nadra sana, jina hilohilo Kiswahili kimempa kiumbe huyu aliye nusu mtu, nusu samaki.) Wengi hukisimulia kisa hiki kama mapenzi ya mwanamke asiyeweza kusema na mwanamume asiyejua. Wasimuliapo hivyo, huwa wamewasahau dada zake.

Watu wa majini hawakuwa wageni katika fasihi ya Ulaya. Mwaka 1811 Mjerumani Friedrich de la Motte Fouqué alikwisha kuandika juu ya Undine, kiumbe wa maji apataye roho kwa kuolewa na binadamu. Wadenmaki nao walikuwa na wimbo wa kale wa Agnete, mwanamke aliyemfuata mume wa baharini. Andersen mwenyewe aliugeuza tamthilia ya kishairi, wala haikupokewa vyema. Jipya alilolileta mwaka 1837 ni nyumba. Chini ya bahari aliweka mfalme mjane, bibi mwenye kulea wajukuu, na mabinti sita, kila mmoja na bustani yake. Binti akitimia miaka 15 huruhusiwa kuzuka juu ya maji, kisha hurudi kuwasimulia wenziwe alichokiona: huyu taa na kengele za mji, huyu machweo, huyu milima ya barafu. Kitinda mimba husubiri zamu baada ya zamu, akisikiliza. Hamu yake ya nchi kavu ilitokana na masimulizi ya dada, kabla hajauona uso wa mwana wa mfalme.

Bei ya safari yake inajulikana: ulimi hukatwa, na kila hatua ya miguu mipya huwa kama kukanyaga visu. Bei ya pili ndiyo hupitwa haraka. Mwana wa mfalme anapooa mwengine, na nguva akabakiwa na usiku mmoja kabla ya kugeuka povu, dada watano huzuka kando ya jahazi, nywele zao zimekatwa. Wamempa mchawi nywele, naye akawapa kisu: amuue bwana arusi, arejee nyumbani. Yeye hukitupa baharini. Andersen hamwachi katika povu, bali humpandisha kwa mabinti wa hewa, ajitafutie roho kwa matendo mema ya miaka 300. Katika barua kwa mshairi B. S. Ingemann mwaka huohuo alieleza kuwa hakutaka, kama Fouqué, roho hiyo itegemee pendo la mtu mwengine. Wapo wahakiki waliouona mwisho huo umebandikwa. Pengine, ila aliyewapoteza dada wa maji anapokewa tena na kundi la wasichana.

Mwaka 1909 Carl Jacobsen, mwenye kiwanda cha bia, alikitazama kisa hiki kikichezwa jukwaani kwa bale, akaagiza sanamu. Ile ya shaba iliyotengenezwa na Edvard Eriksen ilizinduliwa tarehe 23 Agosti 1913 penye maji ya Langelinie: urefu wake mita 1.25, imeketi peke yake juu ya jiwe. Mwaka 1964 kichwa chake kilikatwa kwa msumeno, kikaibwa. Filamu ya Disney ya 1989 iliwarudisha dada, tena ikawafanya sita, lakini kazi yao kubwa ni kuimba mbele ya baba yao. Mchawi akauawa, arusi ikafungwa, na hakuna aliyeombwa nywele.